Foleni ya watu milioni 10: ofo, amana na kelele za Weibo

Mwaka 2017, mtu angeingia Weibo, mtandao wa kijamii ambako Wachina hubishana hadharani, akauliza tatizo la baiskeli za pamoja, zile za kukodi kwa simu, ni nini, angejibiwa kwa picha. Baiskeli imetupwa mtoni. Baiskeli imetundikwa juu ya mti. Baiskeli imeng'olewa kiti, au imepigwa kufuli la nyumbani ili jirani asiiguse. Hukumu ilikuwa moja: tatizo ni watu, hawana ustaarabu. Angerudi Desemba 2018 na swali lile lile, asingesikia tena habari za mito na miti. Kila mtu alikuwa anauliza hela yake iko wapi.

Kampuni iliyobeba mabadiliko hayo ni ofo, ile ya baiskeli za njano, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Peking na kuishia na deni kwa mamilioni ya watu. Wachambuzi wengi wameieleza kama kisa cha biashara: ilikua haraka, ikaungua haraka. Mimi nataka kuiangalia kwa upande wa maoni: nini kilisemwa, lini, na nani, na kwa nini jambo zito kuliko yote lilichelewa kusemwa. Msimamo wangu nautoa mapema. Mtandao ulihukumu kile kinachopigika picha. Baiskeli iliyo mtoni inapigika picha. Yuani 99 za amana zilizotoka kwenye akaunti yako na kutumika kulipa madeni ya mtu mwingine hazipigiki picha, mpaka siku wenye hela watakaposimama mstari.

Kufuli la tarakimu nne

ofo ilianzishwa mwaka 2014 na Dai Wei, kijana aliyezaliwa 1991, pamoja na wanafunzi wenzake. Mwanzoni baiskeli zilizunguka vyuoni tu. Zilitoka kuingia mitaani mwishoni mwa 2016, na wakati huo mshindani wake, Mobike ya rangi ya machungwa, alikwishatangulia Shanghai tangu Aprili. Baiskeli ya kukodi yenyewe haikuwa kitu kigeni. Jiji la Hangzhou lilikuwa nazo tangu 2008, mradi wa serikali, miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Lakini za Hangzhou ulizichukua kituoni na kuzirudisha kituoni, na kero ya asubuhi ilikuwa kufika kituoni umechelewa kazini, ukakuta pamejaa, huna pa kuichomeka. ofo na Mobike waliondoa kituo. Unaikuta barabarani, unaifungua kwa simu, ukifika unaiacha hapo hapo. Safari fupi ilikuwa yuani 1, kama shilingi 330 za Tanzania kwa viwango vya wakati ule. Anayeshuka treni ya chini ya ardhi na bado ana kilomita moja na nusu mbele yake alikuwa amepata alichokitafuta miaka yote.

Tuiangalie ofo ya mwanzo kwa karibu, maana sehemu kubwa ya ugomvi ilitoka kwenye kipande kimoja cha chuma. Kufuli lake lilikuwa la tarakimu nne, lisilo na betri wala mawasiliano yoyote. Unaandika namba ya baiskeli kwenye programu ya simu, unapewa tarakimu nne, unazipanga, linafunguka. Tarakimu zenyewe hazibadiliki: baiskeli ile itafunguka kwa namba ile leo, kesho na mwakani. Kwa hiyo mwenye kumbukumbu nzuri aliilipia siku ya kwanza tu. Mjanja zaidi alikwangua namba ya baiskeli kwa ufunguo, ili wengine wasiweze kuiomba, akabaki yeye peke yake mwenye kuijua. Na aliyekuwa na haraka alilifunga bila kuzivuruga tarakimu, basi aliyefuata akalifungua bila kuuliza mtu.

Hakuna siri hapo. Kila mwanafunzi alijua, na kampuni ilijua. Kufuli hilo lilikuwa la bei nafuu na la haraka kutengeneza, na kwa kampuni iliyotaka kumwaga baiskeli mitaani kabla ya mwenzake, hilo lilitosha. Mobike walikwenda njia nyingine: kufuli lenye GPS, matairi yasiyojazwa upepo, na chombo kizito ambacho watumiaji walikilalamikia kila siku kwamba kinachosha mapaja. Mabishano ya mwanzo Weibo yalikuwa hayo hasa, nyepesi lakini mbovu au nzito lakini nzima, na yalikuwa mabishano ya heri.

Furaha iliyolipiwa

Januari 2017 ilizunguka picha ya skrini ya simu moja. Skrini nzima imejaa programu za baiskeli, zaidi ya 20, kila moja na rangi yake, na utani ulioandamana nayo ulisema rangi zilizobaki kwa baiskeli za pamoja ni chache. Naiona ni tathmini ya soko iliyo bora kuliko ripoti nyingi za mwaka ule. Machungwa imekwenda, njano imekwenda, buluu na kijani zimekwenda. Atakayeingia kesho ataanza na nini? Walioingia baadaye walilijibu swali kwa vitendo: mmoja akaleta za rangi ya dhahabu, mwingine akapaka rangi zote za upinde wa mvua kwenye baiskeli moja.

Kufikia Julai 2017, kwa hesabu ya Wizara ya Uchukuzi ya China, kulikuwa na kampuni karibu 70, baiskeli zaidi ya milioni 16 na watumiaji waliojiandikisha zaidi ya milioni 130. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufuata mizigo wanazikumbuka: unatoka kituoni, unapita kwa kuinua miguu juu ya vyuma.

Sifa za miezi ile zilikuwa za kweli. Watu walifurahi, waliposti picha wakiwa juu ya baiskeli, walisema jiji limerudi kuwa la kwao. Ila furaha ile ilikuwa imelipiwa na wawekezaji. Machi 2017 Mobike ilianza kugawa zawadi za fedha kwa anayeendesha baiskeli zilizosahaulika pembeni, ofo nayo ikafuata, na katikati ya mwaka kadi ya mwezi mzima iliuzwa kwa yuani 1. Ukipima maoni ya watu juu ya huduma wakati huduma inatolewa kwa bei ya kutupa, unachopima ni maoni yao juu ya bei ya kutupa. Waliosoma sifa hizo kama ushahidi kwamba watu wanaipenda huduma walikuwa wanasoma nusu ya barua.

Kioo cha kufichua mazimwi

Sambamba na sifa likaja lile wimbi la picha. Kufuli za binafsi. Viti vilivyochomolewa. Misimbo ya QR iliyopakwa rangi nyeusi isisomeke, na mibaya zaidi, misimbo ya bandia iliyobandikwa juu ya ile halali ili anayeskani amtumie tapeli hela badala ya kampuni. Februari 2017 wauguzi wawili wa Beijing waliwekwa mahabusu siku 5 kwa kuzifungia baiskeli za pamoja kufuli zao wenyewe. Habari hiyo ilichochea mtandao kwa siku kadhaa: wako waliosema adhabu ni kubwa mno kwa kufuli, wako waliosema ndiyo dawa.

Ndipo ukapata umaarufu msemo kwamba baiskeli za pamoja ni kioo cha kufichua mazimwi. Kioo hicho kimo katika hadithi za kale za Kichina: zimwi linajigeuza binti mzuri, likielekezewa kioo linaonekana lilivyo. Maana yake Weibo ilikuwa kwamba Mchina amevaa suti, ana simu ya kisasa, lakini mpe baiskeli isiyo na mwenyewe uone. Maelfu kwa maelfu waliurudia. Wachambuzi wa magazeti wakauchukua. Vijana wa kujitolea, waliojiita wawindaji wa baiskeli, walizunguka usiku wakiutafuta kwa simu kila mkweche uliofichwa ndani ya nyua za watu na kuurudisha barabarani, na wao wakawa mashujaa wa hadithi hiyo.

Sikubaliani na kioo hicho, na si kwa sababu nataka kuwatetea wezi wa viti. Ni kwa sababu kilipoelekezwa kwingine kilionyesha mazimwi yale yale. Mobike ilipeleka baiskeli Manchester, Uingereza, Juni 2017. Zikakutwa kwenye mifereji. Septemba 2018 kampuni iliondoka, ikasema asilimia 10 ya baiskeli zake zilikuwa zinapotea kila mwezi. Gobee.bike ya Hong Kong iliaga Ufaransa Februari 2018 baada ya baiskeli zaidi ya 3,000 kuharibiwa. Melbourne walizivua baiskeli za kampuni ya oBike kutoka mto Yarra. Waingereza, Wafaransa na Waaustralia nao waliandika mitandaoni kuwa jamii yao imeoza. Kila taifa lilijiona ndilo pekee lenye zimwi. Kinachofanana katika miji hiyo yote ni mpangilio: chombo cha thamani ndogo, kisicho na mlinzi, kilichoachwa mitaani bila kituo.

Na tazama jinsi kioo kilivyofanya kazi pale jambo lilipokuwa la kifo. Machi 26, 2017, mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akiendesha ofo aligongwa na basi Shanghai akafariki. Sheria ya China hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 12 kuendesha baiskeli barabarani. Wazazi wake waliishtaki kampuni, wakadai fidia ya mamilioni ya yuani na kutaka kufuli zile za tarakimu nne ziondolewe, kwa hoja kwamba mtoto aliweza kuifungua bila simu wala akaunti. Hoja ilikuwa ya kifundi na nzito. Mtandaoni wengi waliwageukia wazazi: walikuwa wapi, walimlea vipi, wanataka kutajirika kwa msiba. Kufuli halikujadiliwa hata robo ya malezi. Hivyo ndivyo mjadala wa ustaarabu unavyofanya. Kila ukifika kwenye kasoro ya chombo, unageuka kuwa kasoro ya mtu.

Kuna kundi jingine ambalo ukichambua Weibo peke yake hutaliona. Mfagiaji wa barabara anayezinyanyua baiskeli mamia kwa siku ili apate kufagia chini yake. Mzee mwenye kiti cha magurudumu ambaye njia yake imezibwa. Na zaidi ya hao, waendesha pikipiki na bajaji za magendo waliokuwa wakisubiri abiria mlangoni mwa vituo vya treni. Baiskeli ya yuani 1 iliwanyang'anya mkate. Hawakuandika posti ndefu. Habari za wakati ule zilieleza wengine wao walivyokamatwa wakikata breki na kutoboa matairi. Picha ya baiskeli iliyoharibiwa ilipofika Weibo iliandikwa chini yake kuwa ni kukosa adabu, na mara nyingine ilikuwa ni vita ya riziki. Yeyote aliyeona bodaboda wakigombana na huduma mpya ya usafiri hahitaji kuelezwa zaidi.

Wakubwa nao walibishana

Mabishano hayakuwa ya wananchi tu. Juni 2017 Ma Huateng, mwenyekiti wa Tencent, kampuni kubwa ya teknolojia iliyowekeza Mobike, alijibizana kwenye WeChat, programu ya kutumiana ujumbe, na Zhu Xiaohu, mwekezaji wa ofo, juu ya nani ataibuka mshindi. Ma alidokeza kwamba baiskeli isiyo na kufuli la kielektroniki inafanana na simu ya zamani mbele ya simu janja. Zhu akapinga. Majibizano yao yalinaswa kwenye picha za skrini yakasambaa nchi nzima, na watu wakashangilia kila mmoja upande wake.

Ukiyasoma leo kinachoshangaza ni kile ambacho hakimo. Wanabishana juu ya kufuli, juu ya soko, juu ya nani ana watumiaji wengi. Hakuna anayegusa fedha za watumiaji zilizolala kwenye akaunti za kampuni hizo.

Amana

Ili uendeshe ofo ulitakiwa kwanza kuweka amana ya yuani 99, kama shilingi 33,000 za Tanzania. Kuanzia Juni 2017 watumiaji wapya walitakiwa yuani 199. Mobike ilitaka 299. Ni fedha zako, unarudishiwa unapojitoa.

Jina lilikuwa amana, na hapo ndipo watu walipolala usingizi. Kwa desturi zetu amana ni kama ya kreti ya soda: unaacha hela dukani kwa sababu kreti ya mwenye duka iko kwako, ukirudisha kreti na chupa zake unachukua hela yako. Kreti moja, amana moja. Sasa chukua zile takwimu za Julai 2017, watumiaji milioni 130 kwa baiskeli milioni 16. Hata ukikubali kwamba wengi walijiandikisha kwenye kampuni mbili au tatu, kila baiskeli ilikuwa na watumiaji kama wanane nyuma yake. Baiskeli moja, amana nane. Huwezi kuirudisha baiskeli ukapewa hela yako, maana hujawahi kuwa nayo. Uliipanda dakika 12 ukaiacha nje ya benki. Fedha ile haikuwa dhamana ya chombo chochote. Ulikuwa mkopo usio na riba ambao mamilioni ya watu waliipa kampuni changa bila kusoma walichokubali, na ukilinganisha na nauli ya yuani 1, mtu alihitaji safari takriban 100 kuingizia kampuni kiasi kile alichokuwa ameikopesha.

Dalili zilikuwepo mwaka mzima kabla. Juni 2017 Wukong, kampuni ndogo ya Chongqing, ilifunga. Ilikuwa na baiskeli 1,200 na karibu asilimia 90 hazijulikani zilipo. Mtandao ulicheka: jiji la milima, nani alikutuma kupeleka baiskeli? Ilionekana kichekesho, na tena kichekesho cha wizi. Kisha Septemba mwaka huo ikayumba Kuqi, ile ya rangi ya dhahabu, na watu wakapanga mstari Beijing kudai amana. Novemba ikafuata Bluegogo, moja ya kampuni kubwa kabisa baada ya zile mbili. Desemba 2017 Shirika la Watumiaji la China liliiandikia Kuqi barua ya wazi. Kilio kiliandikwa Weibo kila mara, lakini kilibaki kilio cha wateja wa kampuni moja ndogo, na majibu waliyopewa na wengine yalikuwa ya aina moja: ungejiunga na kampuni kubwa yasingekukuta.

Hapa ndipo ninapowalaumu waliosoma maoni kwa kuhesabu. Ukihesabu posti za 2017, habari ya baiskeli mtoni inaishinda habari ya amana kwa mbali. Ukiuliza ni kero ipi inayomgusa mtu mfukoni, na ambayo hawezi kuikwepa kwa kutembea kwa miguu, mpangilio unageuka.

Wizara ya Uchukuzi pamoja na taasisi nyingine tisa walikuwa wametoa mwongozo Agosti 2017 uliohimiza kampuni zisitoze amana, na kama zinatoza ziziweke kwenye akaunti maalumu. Mwongozo haukuwa na meno. Lakini miji ilikuwa na meno kwa jambo jingine: Hangzhou, Guangzhou, Shanghai na baadaye Beijing zilipiga marufuku kuongeza baiskeli mpya. Beijing ilikuwa nazo milioni 2.35 wakati huo. Linganisha: kile kilichopigwa picha kilipata marufuku, kile kisichopigwa picha kilipata ushauri.

Desemba

Mwishoni mwa 2017 wawekezaji walitaka ofo na Mobike ziungane. Dai Wei alikataa. Aprili 2018 Meituan, kampuni ya huduma za mtandaoni, waliinunua Mobike kwa dola bilioni 2.7, na Julai Mobike ikafuta amana, ikarudishia watu. Hellobike, mshindani mwingine, ilikwishaanza kuondoa amana mwezi Machi kwa wenye alama nzuri za uaminifu kwenye Alipay, huduma ya malipo kwa simu. ofo ikabaki peke yake na amana zake, na muda wa kurudishiwa ukaanza kunyooshwa mpaka siku 15 za kazi, zikipita zinahesabiwa upya.

Novemba 2018 programu ya ofo ilitokea na pendekezo: badala ya kungoja amana yako ya yuani 99, kubali igeuzwe kuwa uwekezaji wa yuani 100 kwenye PPmoney, jukwaa la kukopeshana fedha mtandaoni. Huo ulikuwa mwaka ambao majukwaa ya aina hiyo yalianguka kwa mamia China na watu wakapoteza akiba zao. Weibo ilichemka, pendekezo likaondolewa haraka. Nadhani hiyo ndiyo siku maoni yalipohama. Ghafla watu walielewa kwamba kampuni inayokuomba ukubali hela yako igeuzwe kitega uchumi haina hela yako.

Jumatatu ya Desemba 17 mamia ya watu walijitokeza kwenye ofisi za ofo mtaa wa Zhongguancun, Beijing. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tano. Mstari ulishuka ngazi, ukatoka nje, ukaendelea kwenye baridi ya Desemba ya Beijing, ambayo si ya mchezo. Waliofika mbele waliandikisha jina na namba ya simu, wakaambiwa wasubiri siku chache. Walikuwepo wazee, walikuwepo vijana walioomba ruhusa kazini kwa ajili ya yuani 99, na walipoulizwa kwa nini wanapoteza nusu siku kwa fedha ya chakula cha mchana mbili tatu, jibu lililorudiwa ni kwamba si kiasi, ni kufanywa mjinga.

Kampuni ikafungua foleni kwenye programu ya simu: kila anayedai anapewa namba yake. Namba hizo zikawa picha. Kila mtu aliposti yake. Katika muda mfupi namba zilipita milioni 10, na kwa amana ya chini kabisa hilo ni deni la karibu yuani bilioni 1. Kwa amana ya juu ni karibu bilioni 2. Wachekeshaji wa Weibo wakaanza kupiga hesabu za nani atafikiwa akiwa na umri gani, na nani atamrithisha mwanawe namba. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo kiini cha kisa: amana ilipata umaarufu siku ilipopata sura ya kuposti. Deni lilikuwa lile lile wiki moja kabla.

Na kama vile mjadala ulikuwa haujapata chumvi ya kutosha, akatokea mtumiaji mmoja aliyeiandikia kampuni barua pepe kwa Kiingereza akijifanya mgeni kutoka nje. Alirudishiwa hela yake haraka, pamoja na barua ya kuomba radhi. Aliposti yote mawili. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ile ya mstari wa Zhongguancun, na kampuni ikalazimika kutoka na kusema haibagui kati ya wateja wa ndani na wa nje. Kwangu posti ile moja ina thamani kuliko elfu za mazimwi. Mtu alifanya jaribio, akaonyesha matokeo, na kila msomaji aliweza kulirudia.

Dai Wei aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba alifikiria hata kuifilisi kampuni, lakini atawajibika kwa kila yuani inayodaiwa. Mahakama ya wilaya ya Haidian ilikuwa imekwishamwekea vikwazo vya matumizi: asipande ndege, asilale hoteli za nyota. Ma Huateng alirudi WeChat na kusema sababu ya anguko ilikuwa kura ya turufu, yaani watu wengi mno ndani ya kampuni walikuwa na haki ya kuzuia uamuzi. Inawezekana. Anayengoja yuani zake 99 hakuwa na kura yoyote.

Baada ya hapo

Juni 2019 kanuni mpya za China zilianza kutumika: kwa kawaida kampuni za aina hii zisitoze amana, zikitoza, amana ya baiskeli isizidi asilimia 10 ya gharama ya chombo, na irudishwe ndani ya siku 2 za kazi. Hesabu ya amana nane kwa baiskeli moja haikuwa na maana tena. Miji ikagawa idadi maalumu kwa kampuni zilizobaki, Meituan, Hello (ile Hellobike) na Qingju ya Didi, kampuni ya teksi za mtandaoni, na Beijing ikashuka mpaka chini ya baiskeli milioni 1. Kufuli zote sasa zina GPS, na ukiegesha nje ya eneo unatozwa ada ya ziada papo hapo.

Malalamiko ya sasa ni mengine kabisa: bei imepanda, na ada ya kuegesha vibaya inatozwa hata pale ramani ya simu inapokosea mita chache. Picha za mitoni zimepungua sana. Mimi sijaona mtu akidai kwamba Wachina waliacha uzimwi kati ya 2017 na 2020. Kilichobadilika ni idadi, kufuli na nani analipa gharama ya kosa.

Kanuni ile haikuwasaidia walio kwenye foleni ya ofo. Februari 2020 programu yake iligeuzwa kuwa duka la mtandaoni: anayedai alitakiwa kununua bidhaa kwa wauzaji wengine, na kila akinunua arudishiwe sehemu ndogo ya amana yake.